Mstari, Kikombe na Kichuguu cha Kasungami

Nimestaafu mwaka huu, na walimu wenzangu vijana wa michezo wameniomba niwaachie maandishi kuhusu kazi ya kufundisha frisbi. Wamesema niandike kama ninavyosema. Hilo ni kosa lao. Kuhusu vyeo sina la kueleza, maana nilianza nikiwa mwalimu wa mazoezi ya mwili na nimemaliza nikiwa mwalimu wa mazoezi ya mwili. Kuhusu mshahara, mnaupokea wenyewe, mnaujua. Nitasimulia mambo ya uwanjani.

Nilipoanza kazi pale Kasungami, ukingoni mwa Lubumbashi, shule yetu ilipakana na mashamba ya mahindi, na uwanja ulikuwa na goli moja tu. Lile la pili lilikuwa limegeuka kuni. Upande wa kushoto, ndani kabisa ya uwanja, kulikuwa na kichuguu kirefu kupita mtu, kigumu kama saruji. Kila mkuu wa shule aliyekuja aliahidi kukibomoa. Wakuu wa shule wakahamishwa, kichuguu kikabaki.

Frisbi ililetwa na Sœur Philomène, mtawa aliyefundisha biolojia. Alikuwa amesoma ng'ambo miaka michache, na wakati wenzake walirudi na vitabu vizito, yeye alirudi na sahani nyeupe ya plastiki. Alinikuta siku moja nimekaa juu ya tairi, nawaangalia watoto wakicheza voliboli bila wavu, akanipa ile sahani. Niliigeuza juu chini.

"Ma sœur, chungu yake iko wapi?" nilimuuliza.

"Haina chungu, Georgette. Inaruka."

Akanionyesha: kidole gumba juu, vidole vinne chini ya ukingo, kisha kifundo cha mkono kinakatika ghafla kama mtu anayekung'uta maji. Nilirusha kwa nguvu zangu zote. Sahani ilipanda, ikafikiri kidogo, ikapinda na kuvuka ua wa jirani. Tulipofika kuidai, tulimkuta mama mwenye nyumba ameshaiosha na kuifunikia sufuria ya sombe, mboga ya majani ya mihogo, nayo imekaa sawasawa.

"Ma sœur, tangu juzi miye naomba Mungu kifuniko," alisema yule mama. "Leo ameitupa toka mbinguni."

Sœur Philomène alisimama pale akiwa na shida ambayo sidhani walimfundisha utawani. Mwishowe alirudi kwenye nyumba ya masista, akaleta kifuniko cha kweli cha aluminiamu, akabadilishana nacho bila kusema neno lolote dhidi ya sala ya yule mama. Tangu siku hiyo watoto waliita kile kitu kasani, yaani sahani ndogo, na mimi nitakiita hivyo hivyo.

Sheria ni rahisi. Watu saba kila upande, wavulana na wasichana pamoja. Ukishika kasani hukimbii. Mguu mmoja unabaki chini, mwingine unazunguka. Anayekulinda anahesabu kwa sauti mpaka kumi, na akifika kumi ukiwa bado unayo, inakuwa yao. Ikianguka, inakuwa yao. Mwenzako akiidaka ndani ya eneo la mwisho la uwanja, ni bao. Halafu kuna sheria moja ambayo Sœur Philomène aliitangaza kwa fahari: hakuna refa. Wachezaji wenyewe wanasema ukweli na kuelewana.

Mimi nimezaliwa Lubumbashi. Niliposikia hivyo nilijua tumekwisha.

Katika mechi ya kwanza msichana mmoja alisema amesukumwa. Mvulana akajibu kwamba hakumsukuma, alipita tu mahali ambapo yeye alikuwepo. Wa tatu akaanza kueleza jinsi hao wawili wanavyoishi tangu darasa la tano. Mama mmoja aliyekuwa anapita na karai la mihogo alitua karai, akasikiliza pande zote mbili, akatoa uamuzi, kisha akaingia mwingine akaupinga. Jua lilishuka, na kasani ilikuwa bado mahali pale pale. Kesho yake Sœur Philomène aliwakusanya.

"Kuanzia leo, mwenye iko na maneno, anachuchumaa," alisema. "Anasema kwa kuchuchumaa. Magoti ikichoka, maneno inaisha."

Huo ndio msaada mkubwa kuliko yote niliyowahi kupewa kazini. Utumieni. Unafaa hata kwenye mikutano ya walimu, nimejaribu kuupendekeza mara nyingi.

Baada ya hapo tuliweza kufundisha kushambulia. Njia yetu ilikuwa mstari. Wawili wanabaki nyuma na kasani, na watano wanasimama katikati ya uwanja, mmoja nyuma ya mwingine. Mmoja anachomoka kwenda pembeni, kasani inarushwa mbele yake. Asipoipata, anarudi mkiani bila kununa, na mwingine anachomoka. Nilikuwa na picha nzuri kwenye kitabu cha Sœur Philomène, wakaiangalia kama wanaangalia ramani ya mwezi. Ndipo nikawaambia wafikirie foleni ya maji kwenye robine, lile bomba la mtaani. Walielewa palepale. Mtoto wa Kasungami anajua kusimama foleni, na anajua pia namna ya kujifanya anaenda kushoto kumsalimia mtu, kumbe ndoo yake imeshafika mbele kulia.

Mgumu alikuwa mmoja, Jolie. Alikimbia kuliko wote na mkono wake ulirusha kasani kutoka mwisho mmoja wa uwanja hadi mwingine, lakini kurusha nyuma alikataa. Na katika mchezo huu, mbele kukifungwa, unampa mwenzako aliye nyuma yako, kisha mnaanza upya. Jolie alikuwa radhi kuhesabiwa mpaka kumi na kunyang'anywa.

"Madame, nyuma hakuna goli," alisema kila mara.

Nilikwenda kumwona baba yake, dereva wa lori la mchanga, nikitumaini atanisaidia. Aliniambia kwa fahari kwamba lori lake mwenyewe gia ya kurudi nyuma ilikufa zamani, na hajawahi kuihitaji. Nikaelewa kwamba jambo hili ni la ukoo.

Sasa niwajulishe mpinzani wangu. Anaitwa Donat, wakati huo mwalimu wa hesabu kule Ruashi, mtaa mwingine wa mji wetu, na ni mume wangu. Yeye ni mtoto wa watu wa Kasai walionunua na kuuza mjini hapa. Mimi ni mtoto wa mtu wa reli kutoka kaskazini ya Katanga. Nyumbani tunaitana kwa jina la binti yetu wa kwanza. Mwanzoni alinicheka.

"Mama Nadège, mavumbi yote hii ni juu ya sahani?"

Jumamosi moja alikuja kutazama. Alitazama mechi nzima bila kunicheka, jambo ambalo lilipaswa kunitisha. Njiani kurudi alisema mashambulizi yangu yanafaulu kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kuhusu kuyazuia. Haikupita muda akawa na timu yake Ruashi, watoto wa mitaa ya kando ya mgodi, wenye mapafu ambayo sijui waliyatoa wapi katika vumbi lile.

Kwanza aliwafundisha kuhesabu kwa Kifaransa, kwa kuwa "un, deux, trois" inafika kumi haraka kuliko "moja, mbili, tatu". Tulichuchumaa juu ya jambo hilo karibu kipindi kizima, mpaka ikakubaliwa kila mmoja ahesabu kwa lugha anayotaka ila avute pumzi katikati. Halafu akaleta kile alichokiita kufunga mlango. Mlinzi anasimama upande mmoja wa mwenye kasani, kwa hiyo kurusha kunawezekana upande wa pili tu, na huko walinzi wenzake wote wanasubiri. Mstari wangu ulikufa kwa mwezi mzima. Nikajibu kwa kuuhamishia upande alioufunga, ili ule ulio wazi ubaki mtupu, mahali pa kukimbilia. Donat hakuzungumza nami siku ile mpaka chakula cha jioni, na hapo aliomba chumvi tu.

Ilitubidi tuweke sheria nyumbani: mezani hakuna frisbi. Tuliiheshimu. Lakini siku moja, bukari, yaani ugali, iko mbele yetu, ndagala, wale dagaa wetu, ziko mbele yetu, nikaona Donat hali. Alikuwa amepanga samaki watatu kuzunguka tonge, mmoja nyuma yao, wawili kando, na mmoja mbali kabisa, ukingoni mwa sahani.

"Papa Nadège, hii ni nini?"

"Ni chakula."

"Chakula gani inasimama hivi?"

"Inapoa," alisema.

Nikanyoosha mkono, nikachukua yule samaki wa mbali, nikamtafuna taratibu. Uso wake ulikunjamana.

"Umekula libéro yangu," alisema, akimaanisha mlinzi wake wa mwisho, na papo hapo akajua amejisaliti.

Ndivyo nilivyokijua kikombe, mbinu yake mpya ya kuzuia, kabla hakijatumika. Badala ya kila mtu kumlinda mtu wake, watatu wanaizunguka kasani popote inapokwenda, kama mikono inayokinga maji, na wanne waliobaki wanalinda maeneo. Mwenye kasani anaona miili mitatu tu na mikono sita. Kukiwa na upepo, kikombe ni balaa, maana njia ya kukiruka ni juu, na juu ndiko upepo uliko.

Kwa bahati, mechi iliyofuata ilikuwa kwetu, na kwetu kulikuwa na kichuguu. Nilipanga watu wangu waanzie nyuma yake. Mmoja anaingia, na walinzi hawajui atatokea kulia au kushoto, au kama atatokea kabisa. Kikombe kilizunguka udongo mtupu mara kadhaa. Tulishinda, na Donat akalalamika.

"Munacheza bantu munane," aliniambia. "Ile kichuguu iko mu équipe yenu."

Walipokuja tena kwetu, alileta jibu. Alikuwa na kijana mmoja mrefu, Serge, mpole sana. Akampandisha juu ya kichuguu. Kila kasani iliyopita upande ule, Serge aliipiga kofi kutoka huko juu kama mtu anayefukuza popo. Watoto wangu walipiga kelele kwamba ni kosa. Wote wakachuchumaa, na Serge akachuchumaa pia, huko huko juu, magoti karibu na masikio, akajitetea kwa adabu kuelekea chini. Tulimwita Sœur Philomène.

"Kichuguu ni udongo," alisema baada ya kufikiri. "Mwenye kusimama juu ya udongo iko chini."

Donat alitabasamu kwa namna ambayo mke hasahau. Lakini nilikuwa nimeshaona kitu. Niliwaita wachezaji wangu karibu.

"Mumuache pale," niliwaambia. "Mucheze kuume. Ye iko juu, bo banabakia sita."

Tukahamia kulia. Donat akamwita Serge ashuke. Aliposhuka, tukarudi kushoto. Akapanda. Tukahamia kulia. Kichuguu kile hakikuwa na ngazi, na ndani yake walikuwemo wenyeji ambao hawakupenda kukanyagwa kichwani siku nzima. Kabla ya mapumziko Serge alikuwa anajikuna kwa mikono yote miwili, na kasani haiwezi kupigwa kofi na mtu anayejikuna. Tulishinda tena. Sœur Philomène alicheka mpaka akaketi chini na kanzu yake nyeupe. Mwaka uliofuata alihamishiwa Kasai, akaniachia kasani na kile kitabu cha picha, na akaniomba nisiwape watoto majibu yote kwa sababu wao ndio watakaokuwa ndani ya uwanja. Sikumwelewa vizuri wakati huo. Nilikuwa mtu wa kutoa majibu.

Mambo yakawa makubwa pale timu moja ya Zambia ilipotuma mwaliko: wangevuka mto Luapula kuja kucheza Kasenga, upande wetu, dhidi ya timu moja ya Lubumbashi. Lori lililopatikana lilikuwa moja, nalo lilitosha timu moja. Watoto wetu wengi hawakuwa wamewahi kuona mto ambao ng'ambo yake ni nchi nyingine. Jolie aliniuliza kama ukisimama pale unaweza kuwasikia watu wa kule wakizungumza. Donat na mimi tulikubaliana timu zetu zicheze, na kocha atakayeshindwa aende Kasenga kama msaidizi wa mwenzake, abebe bidoni, yaani dumu la maji.

Tulicheza kwenye uwanja wa mjini, tambarare, usio na kichuguu, wakati wa kiangazi, na upepo ukivuta vumbi jekundu kutoka mwisho hadi mwisho. Kikombe kilitubana tangu mwanzo. Kila tulichorusha juu, upepo ulikichukua na kukipeleka kwa watu wa Ruashi. Wakati wa mapumziko walikuwa wanaongoza mbali. Jolie alikuja amejaa vumbi mpaka kwenye kope.

"Jolie, rusha nyuma," nilimwambia.

"Madame, nyuma hakuna goli."

Nilikuwa nimemweleza uvumilivu kwa misimu miwili. Siku ile uvumilivu wangu mwenyewe ulikuwa umeisha, nikasema jambo lingine.

"Angalia miguu ya Serge. Iko natetemeka. Ye na benzake babili njo banakimbizaka kasani. Ukirusha nyuma, banakimbia. Ukirusha kando, banakimbia. We unasimama tu."

Jolie aliangalia upande wa Ruashi kwa muda.

"Kumbe ni bo banakimbia?"

"Ni bo."

"Sasa juu ya nini haukusemaka vile tangu mbele?"

Alirudi uwanjani na tabasamu baya. Akarusha nyuma. Akapokea, akarusha kando. Kule wakairudisha, akairusha nyuma tena. Kikombe kilikimbia kushoto, kikakimbia kulia, kama watu watatu wanaofukuza kuku mmoja sokoni. Nafasi zikaanza kuonekana kati ya mikono yao, kwanza ndogo, halafu za kupitisha mkokoteni. Tulirudisha bao moja, jingine, jingine, mpaka tukawa sawa, na tukakubaliana bao litakalofuata ndilo la mwisho.

Tulikuwa na kasani. Jolie alirusha nyuma, akakimbia kukizunguka kikombe, na mwenzake akairusha juu chini, mtindo ambao sisi tunauita nyundo. Ilipita juu ya vichwa vyote. Jolie aliruka, akaidaka pembeni kabisa mwa eneo la mwisho, akaanguka ndani ya wingu la vumbi. Upande wetu wote ulikuwa hewani. Mimi nilikuwa nimemkumbatia mtu nisiyemjua.

Vumbi liliposhuka, tulimwona Jolie amechuchumaa.

"Miye nilikanyaga mustari," alisema. "Haiko goli."

Serge, aliyekuwa karibu yake, akachuchumaa pia.

"Hapana, mi niliona. Mguu yako ilikuwa ndani. Ni goli."

"Ni mguu yangu, Serge. Miye njo najua."

"We ulikuwa unaangalia kasani. Mi nilikuwa naangalia mguu."

Kwa hiyo walibishana, kila mmoja akipigania ushindi wa mwenzake. Nyuma ya mstari Donat alikuwa anamwomba Serge kwa sauti ya chini akumbuke wazazi wake. Mimi nilikuwa namwambia Jolie kwamba vumbi lilikuwa jingi, mwanangu, huwezi kuwa na hakika. Hawakutuangalia hata kidogo. Mwishowe Jolie akavua kiatu, akakigeuza. Soli ilikuwa na alama nyeupe ya chokaa tuliyochorea mistari. Serge aliitazama, akaigusa kwa kidole, akainama kwa heshima.

"Pole, Jolie," alisema, akaokota kasani.

Ruashi walikuwa na upepo nyuma yao. Walifunga kwa mirusho miwili.

Nilikuwa na hasira ya kutosha kuivisha maharagwe. Nilikwenda kwa Jolie nikiwa na hotuba nzima mdomoni, nikamkuta anafunga kamba za kiatu, analia bila sauti, na hajutii. Hotuba ikaniishia. Nilimfuta vumbi usoni kwa kitambaa changu cha kichwa. Donat alifika akiwa na bidoni tupu, akaliweka miguuni pangu. Kisha akamwambia Jolie kwamba katika lori kuna nafasi za wachezaji wa kuongeza nguvu, na kwamba ya kwanza ni yake.

Kasenga nilibeba maji. Wazambia waliovuka kwa mtumbwi hawakuwa na mstari wala foleni yoyote. Walitawanyika upana wote wa uwanja, na kikombe cha mume wangu hakikujua kimzunguke nani. Walipofunga la nne mfululizo, Donat alinigeukia mbele ya watu wote.

"Mama Nadège, tufanye nini?"

Nilikunywa maji kwanza. Mimi ndiye niliyeyabeba.

"Vunja kikombe," nilimwambia. "Kila muntu ashike muntu yake."

Tulishindwa, lakini kwa adabu. Baada ya mechi Jolie alikwenda kusimama ukingoni mwa mto na wasichana wa ng'ambo, akiwaonyesha kwa mawe madogo kitu fulani na wao wakimrekebisha. Tulimwita mara tatu kabla hajapanda lori.

Leo Jolie ni mwalimu pale Kasungami, na ndiye niliyemkabidhi timu. Siku yangu ya mwisho Donat alikuja kunichukua. Yeye alikuwa amestaafu kabla yangu. Tulisimama nje ya uwanja kuangalia dakika chache tu. Jolie aliwapanga watoto, na nikaona amewatandaza upana wote, wanne mbele, watatu nyuma. Mstari wangu haukuwepo. Nilifungua mdomo. Donat akanishika kiwiko.

"Mama Nadège, tuende."

Tukatoka. Hatujafika barabarani tukasikia kelele za bao. Mimi sikugeuka. Yeye aligeuka, akasimama, akachungulia juu ya ua kwa muda mrefu, kisha akaniuliza polepole, kama anaongea na nafsi yake, mtu anawezaje kuzuia kitu kama kile. Nikamwambia hiyo si kazi yetu tena. Akasema ni kweli. Basi tuliketi pale ukingoni mwa mtaro, tukachukua vijiti, tukabishana juu ya jambo hilo kwenye mchanga mpaka Jolie alipomaliza mazoezi na kutoka kutuuliza kama tumekosa gari.